Sensa ya Hewa kwenye Magari ya Dizeli: Ipimwe na Kusafishwa Kabla ya Kununua Tabo

Dalili huwa ni zile zile. Pikapu ya dizeli iliyokuwa ikikimbia vizuri kwenye lami ya Isiolo hadi Moyale inaanza kuchoka siku inapotoka Maikona na kupanda kurudi mjini Marsabit. Dereva anakanyaga mafuta, gari haliitiki. Anashusha gia, nalo linajikokota kama punda aliyezidishiwa mitungi ya maji. Moshi unaweza kuwa mweusi, au usionekane kabisa. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza kuwaka, na inaweza kukaa kimya. Gari likifika gereji, hukumu hutolewa kabla hata boneti haijafunguliwa: tabo imekufa, injekta zimekwisha, au pampu ya dizeli ishushwe. Mwenye gari anauza ngamia, tabo mpya inafungwa, na safari inayofuata gari linashindwa kwenye kilima kile kile.

Tabo hufa kweli, na injekta huisha kweli. Lakini kwenye magari mengi ya kisasa ya dizeli yanayovuta kwa magurudumu yote manne, kuna kifaa kimoja kidogo kinachoweza kuleta dalili hizo zote na ambacho hupimwa kwa muda usiozidi saa moja. Ni kihisi cha hewa inayoingia kwenye injini. Mafundi wengi hukiita sensa ya hewa, na jina hilo linafaa kuliko wanavyodhani. Kama vile sensa ya mwaka wa 2019 ilivyohesabu watu, hii nayo kazi yake ni kuhesabu. Huhesabu hewa.

Katika kaunti hii jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya rufaa mjini Marsabit kutoka North Horr au Loiyangalani hukaa barabarani saa nyingi, na sehemu kubwa ya njia haina gereji. Chanjo, dawa, vitabu vya shule na maji ya wakati wa kiangazi hufika vijijini kwa magari haya haya. Gari lililopoteza nusu ya nguvu zake katikati ya Chalbi saa nane mchana linahatarisha maisha ya waliomo.

Jinsi sensa inavyofanya kazi

Mtu akifungua boneti na kufuata bomba nene linalotoka kwenye kasha la chujio la hewa, lile ambalo wengi huliita eakilina, ataona kifaa cha plastiki kilichochomekwa kwenye bomba hilo, chenye plagi ya nyaya nne, tano au sita. Sehemu iliyo ndani ya bomba ina uzi mwembamba sana au kijibamba kidogo kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa inayovutwa na injini hupita juu yake na kukipoza. Umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake huonyesha ni hewa ya uzito gani iliyopita. Kompyuta ya gari husoma habari hiyo mara nyingi kila sekunde.

Ni uzito wa hewa unaopimwa hapa, na jambo hilo lina maana kubwa kwa wakazi wa huku. Mji wa Marsabit uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Turkana liko takriban mita 360. Lita moja ya hewa mjini Marsabit mchana ina uzito wa karibu gramu 1. Kando ya ziwa, hata kwenye joto lake kali, lita hiyo hiyo hukaribia gramu 1.1, na Mombasa huzidi hapo. Gari linaloshuka mlimani kuelekea ziwani linabadilisha hewa njia nzima, na bila sensa kompyuta ingebaki kubahatisha.

Injini ya dizeli hutumia hesabu hiyo kwa mambo mawili. La kwanza ni kuamua kiwango cha juu cha dizeli kinachoweza kuchomwa bila kutoa moshi mweusi. La pili ni kuongoza vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu. Hapo ndipo uchafu unapoleta balaa. Vumbi likitanda juu ya kile kijibamba, hewa haikipozi inavyopaswa, na sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyopita. Kompyuta inaamini. Inapunguza dizeli, na gari linakuwa zito bila hata kutoa moshi. Ikiwa sensa imeharibika kwa namna ya kuripoti hewa nyingi kupita kiasi, mambo hugeuka: dizeli huzidi, moshi mwingi hurudishwa ndani, na nyuma ya gari hutoka wingu jeusi.

Uvujaji wa hewa nao huiga dalili hizi, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea njia. Mpira uliopasuka kati ya sensa na tabo huingiza hewa ambayo haikuhesabiwa, kama mtu aliyeingia kijijini usiku baada ya makarani wa sensa kuondoka. Hewa hiyo huja na vumbi lisilochujwa, na ndiyo hatari zaidi kwa injini. Mpira uliopasuka baada ya tabo hufanya kinyume: hewa iliyohesabiwa hutorokea nje kabla ya kufika kwenye injini, dizeli inakuwa nyingi kuliko hewa iliyobaki, na moshi mweusi hutoka hasa gari linapovuta mzigo. Kusikia mluzi au sauti ya upepo chini ya boneti wakati wa kupanda mlima ni ishara ya uvujaji wa aina hii.

Sensa chafu ni shahidi

Vumbi haliruki tu likatua kwenye sensa. Kabla ya kufika hapo lilipaswa kunaswa na chujio la hewa. Kwa hiyo sensa iliyojaa vumbi inatoa ushahidi kwamba chujio lilishindwa, na vumbi lililoipita sensa limeendelea na safari hadi kwenye mapanga ya tabo, silinda na ringi za pistoni. Fundi anayesafisha sensa na kulirudisha chujio lile lile bovu amemfuta shahidi machozi na kumwacha mwizi nyumbani.

Vumbi la huku nalo si la kawaida. Njia za Kargi, Korr na jangwa la Kaisut hutoa unga mwembamba unaopita mahali ambapo mchanga haupiti. Chalbi huongeza chumvi, ambayo hula pini za plagi za umeme. Magari yanayofuatana kwa karibu hunywa vumbi la walio mbele, na ndiyo maana gari la pili na la tatu kwenye msafara huhitaji kukaguliwa chujio mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Vipindi vya huduma vilivyoandikwa kitabuni vilipangwa kwa barabara za kawaida, na vitabu vingi vyenyewe huagiza kupunguza muda huo kwenye maeneo ya vumbi.

Makosa ya kawaida kwenye chujio yanajulikana. Kuna wanaoligongagonga kwenye tairi hadi mdomo wake unapinda na kuacha kuziba vizuri. Kuna wanaolipuliza kwa kompresa ya matairi kutoka upande wa nje, na hivyo kusukuma vumbi ndani ya karatasi au kuitoboa kabisa. Ikiwa ni lazima kulipuliza, upepo uwe wa nguvu ndogo, utoke ndani kwenda nje, na bomba lisikaribie karatasi. Halafu taa iwekwe ndani ya chujio gizani: mahali popote mwanga unapopenya kama tundu la sindano, chujio hilo limekwisha. Lililolowa maji wakati gari lilipovuka laga lisirudishwe, kwa kuwa karatasi iliyolowa na kukauka hukunjamana na kuacha nafasi pembeni.

Machujio ya kitambaa yanayopakwa mafuta hupendwa na wengine kwa sababu huoshwa na kutumika tena. Yakipakwa mafuta kupita kiasi, mafuta hayo hurushwa hadi kwenye sensa, na vumbi hung'ang'ania hapo kama kwenye gundi. Kwa barabara za kaunti hii, chujio la karatasi la saizi sahihi lina tabu chache zaidi. Lile bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele husaidia kuvuta hewa yenye vumbi pungufu, mradi viungo vyake vyote vimebanwa na kuzibwa. Bomba hilo likiwa na kiungo kilicholegea ndani ya bawa la gari ni pambo tu.

Kuna kipimo cha haraka ambacho dereva yeyote anaweza kukifanya bila kifaa. Afungue kasha la chujio, atoe chujio, kisha apitishe kitambaa cheupe chenye unyevu upande wa ndani wa bomba linaloelekea kwenye injini. Kitambaa kikitoka na weusi kidogo wa mafuta, mara nyingi ni mvuke wa kawaida wa injini. Kikitoka na rangi ya udongo, vumbi linapita, na kazi ya kwanza ni kutafuta linapopitia.

Magari yasiyo na sensa hii

Si kila gari la dizeli lina kifaa hiki. Land Cruiser nyingi za injini ya 1HZ, zile za lita 4.2 zisizo na tabo ambazo zimeibeba kaunti hii mgongoni kwa miaka mingi, hazina. Pampu yake hugawa dizeli kimitambo, na chujio likiziba gari hutoa moshi mweusi bila kumwuliza mtu. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa sensa ya hewa imeharibika, aombe aonyeshwe ilipo. Sensa hupatikana kwenye Prado nyingi za dizeli za D-4D zilizoletwa kutoka Japani, Nissan Patrol za lita 3.0 za ZD30, Navara za YD25, Defender za TD5 na nyingine nyingi zenye kompyuta ya injini.

Kupima

Kipimo huanza na macho. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, bomba lote kutoka kwenye chujio hadi kwenye tabo, na kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini, likaguliwe kwa mkono. Mpira ukunjwe kidogo ili ufa uliojificha kwenye mikunjo uonekane. Klampu zikazwe. Plagi ya sensa itolewe na kuangaliwa: pini zenye ukoko wa kijani au mweupe ni dalili ya chumvi na unyevu, na plagi inayocheza hukata mawasiliano gari likipita kwenye matuta.

Baada ya hapo hufuata mashine ya kusoma hitilafu. Misimbo inayohusu mzunguko wa sensa hii ni P0100 hadi P0104. P0102 inasema ishara ni ndogo mno, na P0103 kwamba ni kubwa mno. Zote mbili mara nyingi hutokana na waya uliokatika au plagi mbovu kabla ya sensa yenyewe kulaumiwa. P0101 inasema ishara ipo lakini hailingani na hali ya injini, na hiyo ndiyo sura ya kawaida ya sensa chafu au mpira uliopasuka. Msimbo ni mahali pa kuanzia uchunguzi. Anayenunua sensa kwa sababu tu mashine imetaja neno sensa anacheza kamari.

Kwa mwenye multimita, kazi inaendelea hivi. Ufunguo uzungushwe hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Kwenye plagi kuwe na waya mmoja wenye volti za betri, karibu 12, na mwingine wa ethi ulio safi. Umeme ukikosekana, fyuzi na nyaya ndizo za kufuatwa. Umeme ukiwepo, plagi irudishwe na waya wa ishara upimwe kwa kuingiza ncha nyembamba kutoka nyuma ya plagi. Waya usitobolewe, maana tundu hilo ndilo mlango wa chumvi. Kwa sensa nyingi zinazotoa volti, usomaji hewa ikiwa imetulia huwa karibu volti 1 au chini kidogo, na huongezeka pole pole injini inapozidishwa mwendo, bila kuruka wala kuzama. Kwenye sensa za aina ya Toyota, ishara hiyo hucheza kati ya volti 0.2 na 4.9. Sensa nyingine hutoa mapigo badala ya volti, na multimita ya kawaida itaonyesha namba isiyobadilika hata kama sensa ni nzima. Hapo inahitajika inayopima hezi. Mwongozo wa gari husika ndio wenye neno la mwisho.

Ndani ya sensa nyingi mna pia kihisi kidogo cha joto la hewa. Hicho hupimwa kwa omu, plagi ikiwa imetolewa. Kwa Toyota nyingi, kwenye joto la nyuzi 20 hutoa kiloomu 2.2 hadi 2.7, na kwenye nyuzi 60 hushuka hadi karibu kiloomu 0.5 hadi 0.7. Kisiposhuka joto linapopanda, kimekufa.

Kipimo chenye kuaminika zaidi, hata hivyo, ni cha hesabu, na ni hesabu ya shule ya msingi. Injini ya dizeli ya mizunguko minne hujaza ujazo wake wote kila inapozunguka mara mbili. Injini ya lita 3.0 ikizunguka mara 750 kwa dakika bila kukanyagwa, huvuta lita 3 mara 375, yaani lita 1,125 kwa dakika, au karibu lita 19 kwa sekunde. Mjini Marsabit, ambapo lita ya hewa ina karibu gramu 1, hiyo ni gramu 19 kwa sekunde kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai kabisa, kwa hiyo gramu 15 hadi 18 zinatosha. Fundi husoma namba hiyo kwenye mashine, sehemu inayoonyesha data ya moja kwa moja.

Kuna mtego mmoja. Vali ya EGR ikiwa wazi, sehemu ya nafasi ndani ya silinda imejazwa moshi, na hewa safi inaweza kupungua hadi karibu nusu ingawa sensa ni nzima. Mafundi wengi wamehukumu sensa isiyo na hatia kwa sababu hii. Kwa vali inayovutwa kwa vakyumu, mpira wake mwembamba huchomolewa na kuzibwa kwa muda wa kipimo tu, halafu hurudishwa. Vali ikiwa imefungwa, mwendo uongezwe hadi mizunguko 2,500: injini ile ile inavuta lita 62 kwa sekunde, na sensa iseme gramu 50 hadi 65. Ikisema 30, ama ni chafu au hewa inapitia mlango mwingine. Kipimo cha mwisho ni barabarani, mtu mwingine akisoma mashine na dereva akiangalia njia. Gari la lita 3.0 lenye tabo, likipanda kwa gia ya tatu na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho kwenye mizunguko 3,000, linapaswa kuzidi gramu 100 kwa sekunde. Sensa chafu mara nyingi husema ukweli injini ikiwa imetulia na kuanza kudanganya hewa inapokuwa nyingi, kwa hiyo kuishia kwenye kipimo cha uwanjani ni kufanya nusu ya kazi.

Madereva wengi hutumia njia ya mkato: kuchomoa plagi ya sensa na kuendesha. Gari likipata nguvu baada ya kuchomolewa, sensa inashukiwa kwa haki, kwa kuwa kompyuta imeacha kuisikiliza na kutumia makadirio yake. Lakini magari mengine ya dizeli yakikosa ishara hiyo hujipunguzia nguvu yenyewe ili kulinda injini, na hapo jaribio halionyeshi chochote. Kuendesha wiki nzima plagi ikining'inia si matengenezo.

Kusafisha

Kinachotakiwa ni mkebe wa spirei iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya sensa ya hewa, ambayo hukauka haraka na haiachi utando. Isipopatikana, spiriti safi ya isopropili ya asilimia 99 hutumiwa kwa kumiminwa taratibu. Petroli, dizeli, maji ya sabuni, spirei ya kabureta na ya breki zisitumike. Nyingine huyeyusha plastiki na gundi iliyo ndani, na nyingine huacha mafuta yanayovuta vumbi upya. Kompresa isikaribie. Pamba, brashi na ncha ya kitambaa ni adui wakubwa zaidi, kwa kuwa uzi huo ni mwembamba kiasi kwamba mguso mmoja unatosha kuukata, na hapo kazi ya bure imegeuka kuwa ya kununua.

Injini iwe imezimwa na imepoa, ufunguo umetolewa. Nje ya bomba, kuzunguka sensa, kufutwe kwanza ili vumbi lisianguke ndani. Plagi ichomolewe kwa kubonyeza kishikizo chake. Plastiki iliyoiva kwa joto la miaka huvunjika ikivutwa kwa hasira. Sensa nyingi hushikwa na skrubu mbili. Zikiwa za umbo la nyota, zitumiwe bisibisi yake na si koleo. Sensa itolewe ikiwa imenyooka, na oringi yake iangaliwe kama imepasuka. Kishimo kilichobaki kwenye bomba kifunikwe kwa kitambaa safi.

Halafu spirei ipulizwe kwa mipigo mifupi 10 hadi 15 kutoka umbali wa vidole vichache, pande zote mbili za uzi, huku sensa ikielekezwa chini ili uchafu udondoke. Kihisi cha joto nacho kipate mipigo miwili au mitatu. Dawa hii hushika moto upesi, hivyo kazi ifanywe mahali pa upepo, mbali na sigara, jiko na gereji ya kuchomea vyuma. Sensa iachwe ikauke yenyewe kwa dakika 15 hadi 30. Isipepewe kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu, na plagi isirudishwe wala ufunguo kuzungushwa kabla haijakauka kabisa.

Wakati inakauka, kasha la chujio lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, mdomo wa mpira unaoziba chujio ukaguliwe, na majani na wadudu waondolewe. Sensa inaporudishwa, mshale ulio juu yake au juu ya bomba uelekee upande wa injini. Misimbo ya hitilafu ifutwe, kisha vipimo vile vile virudiwe. Gramu zikipanda hadi kwenye kiwango cha hesabu, tatizo limepatikana. Zisipopanda ilhali mipira yote ni mizima na EGR imefungwa, sensa imechoka na haiwezi kuokolewa kwa kuoshwa. Kuisafisha mara tatu kwa wiki ni kujidanganya.

Kununua nyingine

Soko la sensa, kuanzia madukani Isiolo hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, lina bidhaa halisi, za mitumba na za kughushi zinazokaa rafu moja. Namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani ndiyo ya kununulia. Sensa mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kuhesabu tofauti kabisa. Ya mitumba ipimwe kwenye gari kabla ya fedha kutolewa, ikiwezekana, na risiti iandikwe namba hiyo. Sensa ya kughushi hujulikana haraka kwa ile hesabu ya mizunguko 2,500: haifiki, au inapita mno.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Kwenye gereji haki hiyo ina sura rahisi. Mwenye gari aombe aandikiwe namba zilizosomwa kabla ya kazi na baada ya kazi, na kifaa kilichotolewa akabidhiwe. Fundi aliyepima hatakosa namba za kuandika. Anayesema tabo imekufa bila kuonyesha kipimo hata kimoja aulizwe kwa upole alivyojua.

Wakati mwafaka wa kuchukua vipimo hivi ni gari likiwa zima. Dereva aandike kwenye kitabu cha gari, au kwenye tikiti ya kazi ikiwa gari ni la umma, gramu zilizosomwa injini ikiwa imetulia, zile za mizunguko 2,500 na zile za kupanda mlima, pamoja na mahali na saa, kwa kuwa namba za Loiyangalani hazitalingana na za Marsabit mjini. Vipimo virudiwe kila chujio linapobadilishwa, na pia kabla ya msimu wa ukame, magari yanapoanza safari ndefu za kubeba maji.